Madden: acha kumkodolea macho risiva, mwangalie beki

Wadau tuongee pasi kidogo kwenye Madden, gemu ya futiboli ya Marekani, maana kila nikiingia mtandaoni nakuta mtu anarusha mpira kwa risiva (mdaka pasi) wake namba moja hata kama kazungukwa na watu watatu, unadakwa na wapinzani, halafu lawama zote kwa kwotabeki, yule mrusha pasi.

Kwanza kitufe. Wengi wetu tumetokea kwenye FIFA, vidole vimezoea kwamba ukiminya sana mpira unaenda mbali. Huku hapana, umbali gemu inapiga hesabu yenyewe kulingana na risiva uliyemchagua, wewe unaamua tu mpira usafiri vipi. Ukigusa na kuachia unapaa juu na kukaa hewani muda mrefu, ukiminya na kushikilia unaenda kwa kasi umelala, na ukiminya wastani tu unapata ile inayomvuka beki wa karibu na kushuka kabla beki wa nyuma hajafika. Hiyo ya tatu ndo watu hawaitumii na ndo tamu kuliko zote.

Sasa kabla ya snepu, yaani mpira kurudishwa kwa kwotabeki kuanza mchezo, tazama wale mabeki wa nyuma kabisa, maseifti. Akiwa mmoja katikati mara nyingi ni Cover 3 au Cover 1, wakiwa wawili wamegawana uwanja basi ni Cover 2 au Cover 4 (Cover ni mpango wa ulinzi, namba ni idadi ya mabeki wanaolinda nyuma). Halafu mtume risiva mmoja akimbie kwenda upande wa pili, beki akimfuata mguu kwa mguu ujue wanakaba mtu na mtu, wakisogea kidogo tu ujue ni zoni, kila mmoja analinda eneo lake. Mpinzani mjanja anaweza kukuficha ila wengi hawahangaiki.

Mimi mchezo (mpango mmoja wa shambulizi) ninaoupenda kufundishia unaitwa Smash. Risiva wa pembeni anakimbia kama yadi 5 anageuka, yule wa ndani yake anapanda juu halafu anakata kuelekea pembeni, kwenye kona. Hao wote wawili wasahau kwa sekunde moja, macho yako yabaki kwa kona beki, yule beki wa pembeni, wa upande huo. Akibaki chini na yule mfupi, kama anavyofanya kwenye Cover 2, achia ile pasi ya wastani kwa huyu wa juu, na analogi ya kushoto isukume kuelekea mstari wa pembeni ili mpira uende mbali na seifti. Akirudi nyuma, kama kwenye Cover 3, mfupi yuko peke yake, mpe mpira wa kasi mapema. Beki mmoja hawezi kukaba sehemu mbili, ndo maana nasema yeye ndo anakuchagulia pa kurusha.

Na miguu pia, jamani. Ukishapokea snepu usikimbie kinyumenyume yadi kumi, wale wakubwa wanaokulinda pembeni wanakinga wakijua upo karibu nyuma yao, ukirudi sana unampa mkabaji njia ya kuzunguka na kukufikia. Rudi hatua chache, ukibanwa pembeni panda mbele katikati. R2, kitufe cha kukimbia kwenye PlayStation, iachie kabla ya kurusha, kurusha huku unakimbia kunaua usahihi hasa ukiwa unaelekea upande ambao sio wa mkono anaorushia kwotabeki wako, na sio kila kwotabeki ni Patrick Mahomes, fundi wa kurusha huku anakimbia.

Madden 23, ya mwaka 2022, ilileta aina mpya ya pasi ambapo ukishikilia kitufe huku unasukuma analogi unaona alama ya mpira utakapoangukia. Ni nzuri sana lakini kwa anayeanza naona bora abaki na Classic, ile ya zamani niliyoieleza juu, mpaka macho yazoee kusoma mabeki, vitu vyote kwa mpigo vinachanganya.

Nenda sehemu ya mazoezi, chagua Smash, defensi iweke Cover 2 urudie mpaka mkono uzoee, kisha weka Cover 3, halafu mwachie kompyuta achague mwenyewe bila wewe kujua. Ukiona unajua mpira unaenda kwa nani kabla risiva hajageuka, hapo ongeza mchezo wa pili.