Maswali ya Wasomaji: Ofu, Likizo na Sikukuu za Au Pair Ujerumani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana wanaolea watoto Ujerumani kama au pair. Kuhusu kazi wameuliza kidogo. Kuhusu kutoka, wameuliza sana. Tumechagua sita.

SWALI: Nipo Köln. Wenzangu wa darasa la Kijerumani wanasema Karneval, ile sherehe ya mitaani kabla ya Kwaresima, haikosekani, lakini mama mwenye nyumba anasema siku hizo ndipo ananihitaji zaidi. Kwani si sikukuu? — Dada wa Köln

JIBU: Rosenmontag, ile Jumatatu ya maandamano makubwa, haimo kwenye orodha ya sikukuu za kisheria, ijapokuwa ukiuona mji siku hiyo utaapa kwamba imo. Shule na chekechea nyingi hufungwa, watoto hubaki nyumbani, na wazazi wasiopata ruhusa kazini hukutegemea wewe. Mama huyo hakuonei. Ila na wewe una haki zako, nazo zinahesabika: kazi isizidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki, na zile jioni unazobaki na watoto wazazi wakienda matembezi zimo humohumo ndani ya 30. Kila wiki upate siku moja na nusu ya ofu na jioni nne zisizo na kazi, na walau mara moja kwa mwezi ofu iangukie Jumapili.

Kwa hiyo usigombanie neno "sikukuu". Omba ofu ya wiki hiyo ihamishiwe siku unayoitaka, na uombe wiki sita kabla, wakati wazazi nao bado wanaweza kupanga zamu zao. Tarehe haibahatishwi: Rosenmontag huwa siku 48 kabla ya Jumapili ya Pasaka. Mwaka 2027 itakuwa Februari 8, na Alhamisi ya wanawake, inayofungua shamrashamra za mitaani saa tano na dakika 11 asubuhi, itakuwa Februari 4. Jumatatu ikishindikana kabisa, Jumapili yake kuna maandamano ya shule na mitaa, ya kifamilia zaidi, unayoweza kwenda na watoto. Ukienda nao uko kazini; saa hizo ziandikwe.

Nguo ya kuigiza nunua kubwa kidogo uivae juu ya koti, kwa sababu utasimama barabarani saa nyingi kwenye baridi ya Februari. Beba mfuko wa kitambaa, maana peremende na chokoleti hurushwa kutoka kwenye magari na viganja viwili havidaki kitu. Watu wakipiga ukelele wa "Alaaf!", itikia vivyo hivyo. "Helau" ni ya Düsseldorf na Mainz. Ukiitamka Köln utazomewa, kwa utani, lakini utazomewa. Vinywaji vya chupa za kioo viache nyumbani, kwa kuwa kwenye mitaa yenye umati havikubaliwi. Na kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipotezana, kwani mtandao wa simu huelemewa.

SWALI: Posho yangu ni euro 280 kwa mwezi. Natamani kuiona nchi, lakini bei ya treni ya kasi kwenda Berlin ilinikatisha tamaa. Hakuna njia nyingine? — Mwenye kiu ya safari, Bonn

JIBU: Ipo, nayo inaitwa Deutschlandticket. Ilipoanza Mei 2023 iliuzwa euro 49. Tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi. Inakupandisha treni zote za mikoa (RE, RB na S-Bahn), treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya miji, nchi nzima. Haikupandishi treni za kasi na za masafa marefu (ICE, IC na EC), wala mabasi ya masafa marefu ya kampuni binafsi. Kabla ya kuilipia uliza nyumbani: familia nyingi huilipa zenyewe kwa kuwa unaitumia kwenda darasani na kuwachukua watoto.

Wengi huumia mahali patatu. Kwanza, tiketi hufuata mwezi wa kalenda, basi ukiianza tarehe 25 waweza kulipia mwezi mzima kwa siku chache. Ianze tarehe mosi. Pili, inajirudia yenyewe kila mwezi, na ukitaka isimame mwisho wa mwezi lazima uisitishe kabla ya tarehe 10 kupita. Anayerudi nyumbani Julai akasahau, hukatwa na Agosti. Tatu, ina jina lako na mara nyingi inakaa kwenye simu. Chaji ikikuishia mkaguzi atakuandikia faini ya euro 60. Ukiipeleka tiketi baadaye ofisini kwao kwa kawaida faini hupunguzwa sana, lakini asubuhi nzima imeshapotea. Betri ya akiba ni nafuu kuliko usumbufu huo.

Treni za mikoa ni za polepole, kwa hiyo usizilazimishe. Köln hadi Berlin kwa njia hiyo ni karibu siku nzima ya kubadilisha treni, na wikendi yote itaishia dirishani. Chagua sehemu za saa mbili au chini yake. Aliye Bonn au Köln apande treni inayoambaa mto Rhein kupita Koblenz kuelekea Mainz: bonde lile la ngome na mashamba ya mizabibu limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2002, na uzuri wake unauona ukiwa umekaa kitini. Aliye Berlin ana Potsdam na bustani za Sanssouci. Aliye München afike Füssen, kisha basi hadi chini ya ngome ya Neuschwanstein. Ila tiketi ya kuingia ndani ainunue mtandaoni siku kadhaa kabla, la sivyo ataishia kupiga picha ukutani.

Mkiwa kundi na hamna tiketi ya mwezi, nunueni tiketi ya jimbo, Länder-Ticket, inayochukua hadi watu watano kwa siku moja. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Andikeni majina yenu juu yake kabla ya kupanda.

SWALI: Familia inakwenda Italia wiki mbili Agosti na inataka niende nayo. Wanasema hiyo ndiyo likizo yangu ya mwaka. Ni kweli? — Mwenye mashaka, Stuttgart

JIBU: Inategemea jambo moja tu. Ukiamka saa nne ukaenda zako ufukweni peke yako, kuna atakayekuuliza watoto umemwachia nani? Kama yupo, hiyo si likizo. Safari na familia huhesabiwa likizo iwapo tu hulazimiki kuwepo na huna kazi, au unayo ndogo sana. Ukiwavisha watoto, ukiwalisha na kuwasimamia bwawani, ni wiki ya kazi iliyohamia Italia, ofu na mipaka ya saa vikiwa palepale.

Aliye na mkataba wa miezi 12 anastahili wiki nne za likizo, na posho haikatwi likizoni. Waandikie ujumbe mfupi wa heshima kabla nauli haijakatwa: siku zipi nitafanya kazi, siku zipi niko huru, na wiki zangu nne nitazichukua lini. Maneno ya mezani husahaulika, ujumbe unabaki. Halafu uliza kama bima yako inafika nje ya Ujerumani, na ubebe pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, zote mbili.

SWALI: Kadi yangu ya ukaazi ni ya Ujerumani. Naweza kwenda London wikendi? — Mwenye haraka, Hamburg

JIBU: Kwa kadi hiyo pekee, hapana. Inakuruhusu kutembelea nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Uswisi imo, Uingereza na Ireland hazimo. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Uingereza, na hiyo haipatikani kwa wikendi.

Kwa wanaosubiri kadi wakiwa na ile karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung: tazama kisanduku kilichotiwa alama. Kikiwa cha § 81 Abs. 4, unaweza kutoka na kurudi. Kikiwa cha Abs. 3, usivuke mpaka, hata kwa safari ya siku moja, maana kurudi hakujahakikishwa. Ukiwa na wasiwasi waandikie ofisi ya wageni, nawe usinunue tiketi mpaka wajibu.

SWALI: Nitapataje nafasi ya kuswali Idi wakati si sikukuu huku? — Binti wa Kiislamu, Frankfurt

JIBU: Familia inatakiwa kukupa nafasi ya ibada, iwe msikitini au kanisani, kwa hiyo huombi hisani. Tatizo huwa ni mwezi: ukiwaambia "labda Ijumaa, labda Jumamosi" usiku wa kuamkia, hakuna mzazi wa Kijerumani atakayeweza kupanga. Ramadhani inapoanza wape siku mbili zinazowezekana, uombe asubuhi zote mbili ziachwe wazi, na ahidi ile isiyohitajika utaifanyia kazi.

SWALI: Desemba nitarajie nini? Na mbona nilialikwa kahawa "halb drei" nikakuta wenzangu wanaondoka? — Mgeni, Nürnberg

JIBU: Tuanze na kahawa. "Halb drei" si saa tisa na nusu. Mjerumani huhesabu nusu ya kuielekea saa inayokuja, kwa hiyo ni 14:30, yaani saa nane na nusu mchana. Ulichelewa saa nzima. Waombe radhi, watacheka.

Desemba inakwenda mbio. Usiku wa tarehe 5 watoto huweka viatu mlangoni, wakiamka tarehe 6 wakute Nikolaus, mtakatifu anayeletea watoto zawadi, amevijaza karanga, machungwa na chokoleti. Uliza wazazi kama nawe utachangia kitu. Zawadi kubwa hutolewa jioni ya tarehe 24, wala si 25. Siku hiyo maduka hufungwa mchana, kwenye majimbo mengi saa nane, na tarehe 25 na 26 hayafunguliwi kabisa. Mkipanga kupika pamoja au pair wenzako, vyakula vinunuliwe kufikia tarehe 23.

Masoko ya Krismasi nenda mapema, katikati ya wiki. La mji wako huisha tarehe 24, na mengi mengine hufunga siku hizohizo. Anayengoja Krismasi yenyewe hukuta mafundi wakivunja vibanda. Lile la Dresden, Striezelmarkt, limekuwepo tangu 1434 na linastahili safari. Kinywaji cha moto utauziwa kwa bei yake pamoja na Pfand, amana ya kikombe: rudisha kikombe urudishiwe euro zako, au kichukue kiwe kumbukumbu. Asiyekunywa pombe aagize Kinderpunsch, maana Glühwein ni mvinyo hata kama unanukia mdalasini na karafuu.