Kabla hujatangaza chembe mpya: neno kwa wadogo zangu mnaochambua data za protoni

Mwanafunzi akiniandikia kwamba amepakua data za CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, na ameona "kitu" kwenye grafu, namjibu kwa swali: Z, chembe nzito tunayoijua siku nyingi, umeshaiona? Kama bado, hicho kitu kiweke kando kwanza.

Kwa wale wanaoingia leo, mambo yako hivi. Mashine ya LHC, yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hugonganisha protoni kwa protoni. Mafungu ya protoni hukutana kila baada ya nanosekunde 25, yaani mara milioni 40 kwa sekunde, na hakuna ghala la kompyuta linaloweza kuhifadhi yote hayo. Ndiyo maana kuna triga, mfumo wa vifaa na programu unaoamua papo hapo tukio lipi (yaani rekodi ya mkutano upi) libaki. Yanayobaki ni maelfu machache tu kwa sekunde, mengine hutupwa na hayarudi. Chembe nzito ikizaliwa humo haidumu. Huvunjika kabla kigunduzi hakijaigusa, na sisi tunaona watoto wake tu: labda myuoni mbili (ndugu wazito wa elektroni), labda fotoni mbili (chembe za mwanga). Kutokana na momenta na pembe za watoto tunapata tungamo la mzazi: M² = 2 · pT₁ · pT₂ · (cosh Δη − cos Δφ), ambapo M ni tungamo hilo, pT ni momenta ya kila mtoto inayokatiza mwelekeo wa protoni, na Δη na Δφ ni vipimo vya tofauti ya pembe zao. Kwenye Python ni mstari mmoja. Kazi iko kwingine.

Tovuti ya data huria ya CERN imekuwa wazi tangu 2014, na huhitaji barua ya profesa kuingia. Anzeni na faili la myuoni mbili la mwaka 2012 kutoka CMS, kimoja cha vigunduzi vikubwa vya LHC. Lina matukio kama milioni 61 na ukubwa wake ni GB 2 hivi, kwa hiyo laptop ya kawaida inaliweza, umeme ukiwepo. Chora histogramu ya tungamo (grafu inayohesabu matukio mangapi yameangukia kila kijisanduku cha tungamo), mihimili yote miwili kwa logi. Utaiona chembe ya J/psi karibu na GeV 3.1 (GeV ni kipimo cha tungamo, sawa na MeV 1,000), kisha chembe ya Upsilon na ndugu zake kuanzia 9.5, halafu Z kwenye 91. Wengi hufika hapo, wakapiga picha ya skrini, wakaendelea. Mimi nasema kaa hapo, kaa sana. Miezi niliyotumia kwenye chembe hizi za zamani ndiyo iliyonifundisha kazi.

Tazama J/psi. Upana wake halisi hauzidi sehemu ya kumi ya MeV moja, lakini kwenye grafu yako utaona mlima wenye upana wa makumi ya MeV. Upana huo ni wa kigunduzi, si wa chembe. Tenganisha myuoni zilizopita katikati ya kigunduzi na zile zilizoelekea pembeni, chora upya, utaona mlima wa pembeni umetanuka zaidi. Z ni kinyume: yenyewe ina upana wa asili wa GeV 2.5. Ukishajua kigunduzi chako kinatanua kiasi gani kwenye kila tungamo, mtu akikuletea kinundu chembamba kuliko hapo utajua bila ubishi kwamba hakuna chembe inayoweza kufanya hivyo. Ni vijisanduku viwili vya histogramu vimebahatika.

Halafu kuna triga. Triga ikidai kila myuoni iwe na momenta fulani, mahali matakwa hayo yanapoanza kutimizwa grafu hupanda yenyewe, na unapata mgongo mpana ambao kwa macho unapendeza kabisa. Si chembe. Njia rahisi ya kuuthibitisha ni kubadilisha sharti la momenta na kuona kama mgongo unahama; chembe haihami. Na kila mara chora pia jozi zenye chaji sawa, kwa sababu Z haivunjiki kuwa myuoni mbili chanya. Kinachoonekana huko kinakupa picha ya takataka zilizopo chini ya mlima wako.

Sasa hesabu. Ukitarajia matukio 100 kwenye kijisanduku, sigma moja (kiasi cha kawaida cha kuyumba kwa bahati) ni kipeuo cha pili chake, yaani 10. Kupata 110 hakuna mshangao, 130 ni sigma tatu, na nafasi ya kupanda hivyo kwa bahati tupu ni kama moja kati ya 740. Inasikika ndogo. Lakini kama umechora histogramu 50 zenye vijisanduku 40 kila moja, umeangalia mahali 2,000, na mawili au matatu kati ya hayo yatapanda sigma tatu hata kama dunia haina chembe mpya hata moja. Kwa hiyo weka daftari la kila grafu uliyochora, pamoja na zile ulizozifuta kwa sababu hazikuwa na kitu. Hizo za kufutwa ndizo zinazodanganya, maana msomaji wako hajui zilikuwepo. Kiwango cha sigma 5, bahati ya moja kati ya milioni 3.5, kiliwekwa sehemu kwa sababu hii.

Dawa nyingine ni kuamua masharti yako yote kabla ya kufungua eneo unalolitafutia. CMS walifanya hivyo mwaka 2012 kwa Higgs, chembe iliyokuwa imetabiriwa ila haijaonekana: walijifungia data mpya hadi uchambuzi ulipokamilika, wakafungua Juni, na Julai 4 wakatangaza pamoja na ATLAS, kundi la kigunduzi kingine kikubwa cha LHC. Wewe uliye peke yako chumbani nani atakufungia? Tumia matukio ya kuigiza, au sehemu ndogo ya data, panga kila kitu hapo, kisha usibadilishe.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii kina tarakimu nne. Desemba 2011 ATLAS walionyesha mwinuko karibu na GeV 126 wenye sigma 3.6, na CMS mwinuko karibu na 124 wenye sigma 2.6, kabla ya kupunguza kwa ajili ya wingi wa mahali palipotazamwa. Desemba 2015, kwenye fotoni mbili, ATLAS wakaonyesha mwinuko karibu na GeV 750: sigma 3.6. CMS: sigma 2.6. Tarakimu zilezile. Wa kwanza ukawa Higgs, na Nobel ya 2013 ikaenda kwa François Englert na Peter Higgs. Wa pili ulizaa makala takriban 500 za wananadharia, kisha Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, data zilipokuwa zimeongezeka mara kadhaa, ukayeyuka.

Basi ukiniuliza sigma ngapi zinatosha, nitakuuliza kinundu chako kinaonekana wapi pengine. Ule wa 2011 ulijitokeza kwenye fotoni mbili na pia kwenye leptoni nne (elektroni au myuoni), kwenye tungamo karibu lilelile, katika eneo ambalo vipimo vya awali vilikuwa vimeacha wazi kwa ajili ya Higgs. Ule wa 750 ulikaa kwenye fotoni mbili tu, na hakuna aliyekuwa anautarajia. Hilo la mwisho peke yake si kosa, J/psi nayo iliwashtua watu mwaka 1974. Ila chembe ina ndugu, ina njia nyingine za kuvunjika. Ukiziangalia hizo na kote kukawa kimya, punguza sauti.

Na mara nyingi kutakuwa kimya. Nyumbani wataniuliza umegundua nini, nasema tumegundua kwamba chembe mpya haipo chini ya tungamo hili, wanacheka. Lakini ndivyo matokeo mengi ya LHC yalivyo: ATLAS na CMS wametafuta ndugu mzito wa Z kwenye elektroni mbili na myuoni mbili, na kwa kielelezo kinachotumika sana cha ndugu huyo wamemfuta hadi juu kidogo ya TeV 5 (GeV 5,000), kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa faili lenu la 2012 hamtafika huko, data zitawaishia kwenye GeV mia chache. Kokotoeni kikomo hata hivyo. Chukueni tungamo moja, tuseme GeV 300, mhesabu matukio yanayotarajiwa pale, yaliyoonekana, na sehemu ya myuoni ambazo kigunduzi na triga zingezikosa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo itakayowachukua muda mrefu kuliko mnavyodhani, na jibu lake mtalipata kwa kurudi kwenye Z, ambayo tayari mnaijua.