Bwana Miti Anajibu: Mwembe wa Baba Mkwe na Pevingi ya Uani

*Shikamoo Bwana Miti. Tunaishi Tabata, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe wangu. Uani kuna mwembe dodo aliouotesha kabla mume wangu hajazaliwa, na mume wangu sasa ana miaka 52. Miaka mitatu iliyopita tuliweka pevingi uwanja mzima hadi kwenye shina. Tangu mwaka jana matawi ya juu yanakauka kuanzia nchani, majani yamekuwa madogo, na masika haya umeota uyoga mgumu chini ya shina, upande wa jikoni. Kuna tundu pia mahali tawi lilipovunjika zamani. Fundi wa chenso anasema tukate kichwa chote na tundu tulijaze zege, mti utachipua upya. Majirani wanasema tuung'oe kabla haujaua mtu. Chumba cha watoto kiko chini yake. Mume wangu hataki hata kusikia habari ya kuukata. Nifanyeje? – Mama watatu, Tabata*

Marahaba, mama. Nianze na chumba cha watoto kwa sababu hicho hakisubiri. Wahamishie upande mwingine wa nyumba leo hii, mpaka mwembe ukaguliwe. Miti mikongwe mingi huanguka wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa na mizizi haina pa kushika. Na upepo mkali pwani yetu unafika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia.

Sasa mwembe wenyewe. Majirani wanauhukumu kwa umri, na mimi sikubaliani nao. Miaka hamsini na kitu kwa mwembe si uzee wa kufa. Pale Bungi, Unguja, miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, ilipandwa karne ya 19 na mpaka leo ipo inayotoa kivuli barabarani. Wenu ulikuwa mzima mpaka mlipoufunika chini. Mizizi inayokula na kunywa imo zaidi kwenye sentimita 30 za juu za udongo, nayo huenda mbali kupita mwisho wa matawi. Mafundi wa pevingi walichimba hapohapo, wakakata walichokata, kisha wakashindilia udongo kwa mashine hadi ukakosa hewa. Mti haulii siku hiyo. Hutumia akiba yake mwaka wa kwanza, wa pili, ndipo ncha za juu zinapoanza kukauka. Hicho ndicho unachokiona sasa.

Uyoga unanitia wasiwasi zaidi kuliko matawi. Piga magoti uuangalie. Kama umegandamana na gome bila kikonyo, juu ni kahawia na upande wa chini ni mweupe, uchore huo upande mweupe kwa ukucha. Alama ikigeuka kahawia papo hapo, basi inaelekea sana kuwa Ganoderma, kuvu inayoozesha mizizi mikubwa na kitako cha shina. Unachokiona nje ni tunda lake tu. Yenyewe imo ndani ya mbao. Ukiukwangua utaota mwingine. Dawa ya kupuliza haifiki huko, kwa hiyo asikuuzie mtu.

Kisha mtafute mtu mzoefu wa miti, mfanye naye kazi hii. Kwa nyundo ya mbao, gongeni shina kulizunguka lote, kuanzia ardhini hadi usawa wa kifua. Mbao nzima hutoa mlio mkavu na mfupi, palipooza huvuma. Wekeni alama za chaki kila panapovuma. Halafu ondoeni pevingi kwenye kitako, mfukue kwa mikono hadi mizizi mikubwa ionekane inapoachana na shina, na mchome kila mmoja kwa nondo nyembamba ya milimita 6. Nondo ikigoma, mzizi huo bado una kazi. Ikizama kwa urahisi, mzizi huo haupo tena, hata kama kwa nje una gome.

Kwa shina lenye uwazi ndani, kipimo chetu cha kuanzia ni kwamba mbao nzima inayolizunguka isipungue theluthi moja ya nusu kipenyo. Mwembe wenye kipenyo cha sentimita 90 unahitaji walau sentimita 15 za mbao ngumu kila upande. Ila kipimo hicho ni cha shina. Mizizi ikioza, shina hata liwe zima halitausimamisha mti.

Mkikuta mizizi mikubwa ya upande mmoja imeoza, au ardhi imeinuka upande mmoja, au mti umeanza kuinama ambapo zamani ulikuwa wima, au kuna ufa kwenye panda, basi ukatwe. Nalisema hilo kwa uchungu, lakini nalisema. Pitieni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na afisa misitu wa manispaa, na kama nyaya za umeme zimekaribia matawi, TANESCO waje kabla chenso haijawashwa.

Mkikuta mizizi bado imeshika, fundi wenu wa chenso asipande juu kwa mpango ule. Mti uliodhoofika unaishi kwa majani yaliyobaki. Ukiukata kichwa unaunyang'anya chakula wakati unakihitaji kuliko wakati wowote. Utachipua, ni kweli, na yeye atakuonyesha machipukizi kwa furaha. Lakini machipukizi hayo yameshikilia tabaka la juu tu, na kadiri yanavyonenepa, chini yake kidonda kinaoza. Baada ya miaka michache utakuwa na magogo mazito yaliyobandikwa kwenye mbao mbovu, juu ya chumba kilekile. Na zege kwenye tundu ni desturi ya kizamani inayodhuru. Mti huyumba, zege haliyumbi. Linakwaruza mbao hai kwa ndani na maji yananasa nyuma yake. Acheni tundu wazi.

Tiba ni kuondoa pevingi. Kama mnaweza, yote iliyo chini ya kivuli cha matawi. Kama gari lazima lipite, basi acheni mduara usiopungua mita tatu kutoka kwenye shina kila upande. Msilime kwa jembe. Tumieni uma wa bustani, mlegeze udongo kidogo kidogo. Tandazeni majani makavu ya mwembe huohuo na samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita 7 hadi 10, lakini yasiguse gome. Kipupwe na kiangazi mwagilieni mara moja kwa wiki, maji mengi ya taratibu, kwenye ukingo wa kivuli na siyo shinani. Na mkome kuchomea takataka chini yake. Nyumba nyingi za Dar hufagia majani asubuhi na kuyachomea palepale shinani, nami kila nikiona moshi ule roho inaniuma.

Matawi makavu yaondolewe, hayo tu, baada ya mavuno na kabla ya masika. Tawi zito likatwe kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, mkato ukifika theluthi ya unene wake msumeno utoke. Kisha likatwe kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchuna gome. Kisiki kilichobaki kimaliziwe nje tu ya ule uvimbe uliopo tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaoziba kidonda. Ukiukata, kidonda hakitafunga, na rangi mnayopaka juu yake haisaidii.

Kuhusu mume wako, mpe nondo aichome mizizi kwa mkono wake. Mti wa baba yake, acha majibu ayasikie mwenyewe.

*Bwana Miti, salaam. Mkungu wangu umepasua ukuta wa uzio, na jirani anasema mizizi imeingia kwenye bomba lake la maji machafu. Nataka kukata mizizi yote ya upande huo. – Mzee wa Msasani*

Shikamoo mzee. Usikate yote. Mzizi mkubwa ukikatwa karibu na shina, mti unapoteza nanga ya upande huo. Shina la sentimita 50 lisikatwe mzizi wowote mkubwa ndani ya mita mbili na nusu. Nafuu ni kubomoa kipande cha ukuta penye ufa na kukijenga upya juu ya linta inayouvuka mzizi, ukiacha nafasi ya mzizi kunenepa. Kuhusu bomba, jirani alifukue kwenye maungio. Mizizi haipasui bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja na kuingia palipo wazi. Bomba likizibwa vizuri, ugomvi umekwisha.

*Nina minazi mirefu iliyopandwa na bibi. Miwili imedondosha vidaka (nazi changa) vyote, majani yanageuka manjano. Niikate vilele ichipue? – Bagamoyo*

Mnazi una kichipukizi kimoja tu, kileleni. Ukikikata umeua mti. Angalia majani ya katikati. Kama yamekatwa umbo la pembetatu, huyo ni chonga, mdudu mkubwa mweusi anayetoboa kilele cha mnazi, na anatolewa tunduni kwa waya wenye ndoano. Lakini kama vidaka vilidondoka kwanza, makarara mapya (maganda yanayofunika maua) yakifunguka yana weusi, na umanjano umeanzia majani ya chini kupanda juu, basi ni ule ugonjwa unaoua minazi ya pwani yetu, na hauna tiba. Mti ukishapoteza kilele usiuache umesimama, wala vigogo visilale uani, kwa sababu chonga hutaga kwenye mbao inayooza. Vipasue viwe mbao au kuni kabla mvua hazijaanza.