Wakinakili kitabu kuhusu sayari, wafungishe kitabu

Mwalimu mwenzangu, umesema watoto wako wa darasa la nne wakiambiwa waandike kuhusu sayari wananakili kitabu neno kwa neno. Usiwalaumu, hawana swali la kujibu. Mpe kila mtoto sayari moja tu, naye achague jambo moja analotamani kulijua.

Mwanafunzi wangu mmoja alichagua Zuhura, ile nyota ya jioni anayoiona akiwa uani kwao. Akauliza siku ya huko ina urefu gani. Tukasoma pamoja, kisha nikamwambia afunge kitabu ndipo aandike. Kitabu kikifungwa, maneno yanakuwa yake. Akaandika: “Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243, lakini hulizunguka Jua kwa siku 225. Mwaka unaisha kabla haijamaliza kujizungusha!” Ile alama ya mshangao ilinifurahisha kuliko insha nzima.

Ukubwa waonyeshe kwa vitu wanavyovishika. Dunia ikiwa punje ya choroko, Mshtarii ni ndimu, maana kipenyo chake ni kama mara 11 ya chetu. Tahajia isahihishe mwishoni kabisa, wakishamaliza kusomeana.