Kabla hujashuti muvi ya vita, kaa kwanza na mwenzio nyumbani

Vijana wakinifuata wanauliza kamera gani na milipuko inafanywaje, ila mi huwa naanzia nyumbani, manake muvi ya vita inaanza kula hela ya familia kabla hata haijafika lokesheni. Ya kwetu tulisubiri kibali cha kombati za jeshi mpaka basi, huku ekstra wanadai posho, mke wangu anapikia kru nzima na hela yake ya vikoba ndo inanunua mchele, usiku silali nahesabu madeni tu.

Halafu mtu anakwambia Francis Ford Coppola, yule dairekta wa Marekani, aliweza. Sawa, ila angalia ilivyomtesa. 1976 alienda Ufilipino na mke na watoto kushuti Apocalypse Now, muvi ya vita ya Vietnam, kimbunga kikaja kikabomoa seti, helikopta za jeshi la Marcos, rais wa Ufilipino wakati huo, alizokodi zikawa zinaitwa katikati ya kazi ziende kupigana na waasi wa kweli, muigizaji mkuu Harvey Keitel akatolewa kazi imeshaanza, na Martin Sheen aliyeshika nafasi yake akapata shambulio la moyo ana miaka 36 tu jamani. Gharama zikapita dola milioni 30 na Coppola akaweka mali zake rehani, na mwisho wa stori yenyewe bado unamsumbua wakati anaendelea kushuti!! Hapo ndo pananiuma mimi, kulala na deni la nyumba na script haijaisha.

Mtaniambia ilishinda Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, 1979. Kweli ilishinda, ila yeye alikuwa na The Godfather, muvi yake iliyotamba kabla ya hapo, nyuma yake, wewe una nini nyuma yako?

Kwa hiyo naomba sana, kabla ya kutafuta hata bunduki za mbao mwambie mwenzio namba kamili, sio ile nusu tunayowaambiaga ili wasiogope, mkubaliane hela ikiishia hapa tunasimama, hati ya nyumba na ada za watoto haziguswi. Muigizaji akisema kifua kinambana siku hiyo hamshuti, apelekwe hospitali. Na mwenzio akiikataa hiyo namba usigombane nae, rudi kwenye script, ondoa lile jeshi zima, bakiza askari watatu kwenye handaki moja, hiyo inashutika.