Mwenzangu hasaini hundi: je, mahakama ivunje kampuni?

SWALI: Tuko wanahisa wawili, nusu kwa nusu, katika kampuni ya kupasua mbao. Mwenzangu haji vikaoni wala hasaini hundi, na mbao za paini zimelala uwanjani. Naweza kuomba mahakama iivunje kampuni? — Msomaji, Mafinga

JIBU: Unaweza. Kuifunga kwa hiari hakuwezekani, maana azimio maalumu linataka robo tatu ya kura na wewe una nusu. Kilichobaki ni ombi Mahakama Kuu, nawe uko karibu na ile ya Iringa. Mahakama ya wilaya haina mamlaka hayo. Hoja yako chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, ni kwamba ni haki kampuni ifilisiwe, yaani ivunjwe, mali iuzwe na madeni yalipwe.

Kabla ya wakili, fungua katiba ya kampuni utazame akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa ili kikao kiwe halali. Ikiwa ni watu wawili, kutokuja kwake kunaua kila kikao, na hata kura ya ziada ya mwenyekiti, ile ya kuamua kura zikilingana, haikusaidii; hapo mkwamo ni wa kweli. Uuthibitishe kwa karatasi: mialiko ya vikao uliyompelekea na uthibitisho kwamba ilimfikia, hundi zilizokwama, barua za benki. Maombi mengi hudhoofika kwa sababu mwombaji analeta malalamiko ya mdomo.

Sasa penye mtego. Mahakama inaweza kukataa kuvunja ikiona una njia nyingine na unaikwepa bila sababu. Ndiyo maana inafaa kuomba pia, kama mbadala, nafuu ya kifungu cha 233, ambapo mahakama inaweza kuamuru mmoja anunue hisa za mwenzake. Kwa kiwanda kinachofanya kazi, sisi tungeanzia huko.

Amri ya kufilisi ikitoka, ufilisi huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa. Mbao utakazouza kati ya ombi na amri bila idhini ya mahakama, mauzo yake ni batili. Paini mbichi haingoji, huingia ukungu. Basi omba mapema idhini ya kuuza, au mfilisi wa muda, yaani msimamizi wa kulinda mali ya kampuni hadi ombi liamuliwe.

Na usitegemee nusu ya mali. Benki yenye rehani inabaki na dhamana yake. Gharama za ufilisi, mishahara na kodi hutangulia, wadai wengine hufuata, wanahisa mwisho kabisa. Kama ulisaini dhamana binafsi ya mkopo, ufilisi hauifuti: benki itakudai wewe.