Maswali Yenu: Hisabati za Chuo kwa Bando Dogo

Habari za kazi, wahariri. Nipo mwaka wa kwanza, tuna aljebra na kalkulasi. Simu imejaa PDF za kutoka magrupu ya WhatsApp, sijui nishike ipi. Bando lenyewe la kuungaunga. – Mwanafunzi, Ujiji, Kigoma

Ndugu yetu, futa mengi. Madesa ya magrupu mara nyingi yamenyofolewa kurasa za majibu, na anayejisomea bila majibu hajui anapokosea. Vyanzo viwili vinakutosha.

Anza na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, Marekani. Ingia openstax.org, pakua College Algebra na Calculus Volume 1. Vyote ni bure. Volume 1 ina sura 6: fanksheni, limiti (thamani ambayo fanksheni inaikaribia), diferensiesheni (kutafuta kasi ya mabadiliko), matumizi yake, intigresheni (kinyume cha diferensiesheni) na matumizi yake. Usikimbilie Volume 2, kwani sura zake 2 za mwanzo ni marudio ya 2 za mwisho za Volume 1. Itakufaa kama kozi yenu inafika kwenye mbinu za intigresheni, yaani sura ya 3 na kuendelea. Mafaili ni mazito kwa sababu ya picha na rangi, hivyo yavute kwa Wi-Fi ya chuo. Na ujue kwamba nyuma ya Volume 1 kuna majibu ya maswali ya namba witiri tu.

Chanzo cha pili ni Paul's Online Notes, tutorial.math.lamar.edu, kazi ya mwalimu wa Lamar University. Hapo unaweza kuvuta sura moja moja, jambo linalookoa bando. Ila angalia unapobonyeza: "Practice Problems" zina suluhisho hatua kwa hatua, "Assignment Problems" hazina. Ziko jirani, na kuna watu wanahangaika usiku kucha kutafuta majibu ambayo hayakuwekwa.

Video ziache mwisho, kwa mada iliyokushinda kabisa kwenye maandishi. Mtihani ukikaribia, tafuta 18.01, kozi ya kalkulasi ya mwanzo, kwenye MIT OpenCourseWare, tovuti ya bure ya masomo ya chuo cha MIT, Marekani. Kuna mitihani yenye majibu, na ni migumu kidogo, kwa hiyo usianzie huko.

Nikisoma mfano naelewa, swali likija nakwama, hasa diferensiesheni kwa kanuni ya kwanza. Nikalale na vitabu vingapi? – Msomaji, Isevya, Tabora

Huenda kalkulasi haina kosa hapo. Chukua f(x) = x². Kanuni inataka [(x + h)² − x²]/h, h ikiwa ongezeko dogo la x, kisha h iende 0. Ukifungua mabano sawasawa unapata x² + 2xh + h². X² zinafutana, unagawa kwa h, inabaki 2x + h, na jibu ni 2x. Mwenzako anayeandika (x + h)² = x² + h² anabaki na h²/h, yaani h, na jibu lake ni 0. Kanuni ameishika vizuri kabisa. Kilichomwangusha ni mabano ya sekondari.

Kosa jingine ni kutojua kinachokatika na kisichokatika. Katika (x² − 9)/(x − 3), x ikienda 3, ukiingiza 3 unapata 0/0. Wengi hapo huandika "limiti haipo" na kufunga daftari. Hiyo 0/0 inakuambia tu kwamba kazi bado: juu ni (x − 3)(x + 3), kata (x − 3), inabaki x + 3, limiti ni 6. Lakini katika (x + 3)/x hukati x, kwa sababu juu imejumlishwa, haijazidishwa. Ukikutana na (√(x + 4) − 2)/x, x ikienda 0, zidisha kiasi na asili kwa √(x + 4) + 2, utapata 1/4.

Kwa hiyo rudi kwanza College Algebra: vigawo, sehemu zenye herufi, vipeo hasi, logi. Fanya maswali 10 ya kila mada bila kuchungulia; ukikosa zaidi ya 3, mada hiyo bado. Mfano nao usiusome kama gazeti. Funika suluhisho kwa karatasi, andika hatua yako, kisha teremsha karatasi mstari mmoja ulinganishe. Itakuchosha, na ndivyo inavyotakiwa.

Kitabu kinasema sin x/x inaenda 1, x ikienda 0. Kikokotoo kinanipa 0.01745. Nani mwongo? – Kasulu

Kikokotoo kipo kwenye digrii. Tazama juu ya kioo: ukiona D, badilisha iwe R, yaani radiani, kipimo kingine cha pembe. Kwa x = 0.01 utapata 0.99998. Hiyo 0.01745 ni π/180. Kanuni za diferensiesheni za sin na cos unazofundishwa ni za radiani.

Naruhusiwa kuprinti kitabu cha OpenStax na kuwagawia wenzangu? – Tabora mjini

Ndiyo, mradi usiondoe jina la chanzo. Calculus ina leseni isiyoruhusu biashara, hivyo usiichapishe kwa kuuza. Kuchangiana gharama ya steshenari ni sawa. Kitabu kizima kitawala hela bure. Printi sura mnayosoma muhula huu, pande mbili za karatasi, nyeusi na nyeupe, pamoja na kurasa zake za majibu kutoka nyuma. Michoro inayotofautisha mistari kwa rangi itazameni kwenye simu, maana kwenye karatasi mistari yote itafanana.